Mjane wa Kitui na Neno Kisasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilitolewa chumbani kwa sababu ya kumpa mgonjwa pole. Ilikuwa hospitali moja hapa Doha, nami nilikuwa nimetoka Mombasa juzi tu, na Kiarabu changu cha madrasa nikikiona ni bahari. Mkuu wa wakalimani, Msudani mtaratibu mwenye masikio makali, aliniita kando.

"Dada, daktari hakusema pole. Umeitoa wapi?"

"Moyoni."

"Basi irudishe. Mkalimani hana moyo mpaka saa ya kutoka."

Niliirudisha. Kutoka hospitali nikapelekwa kwenye mashauri ya wafanyakazi, kisha mahakamani, ambako nilikaa mpaka nikastaafu. Nilifanya ukalimani wa kunong'oneza, yaani kumkalia mtu sikioni huku wengine wakiendelea kusema, na ule wa kufuatana, ambapo msemaji hutua ndipo nami nikaanza. Kilichonitesa zaidi si maneno mageni, ni yale tunayoyajua. Maneno ya Kiarabu yaliyohamia kwetu ni ndugu waliolelewa nyumba mbili: sura moja, tabia mbalimbali.

Kesi ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya Wakenya wawili, walinzi, waliokaa chumba kimoja mtaa wa Najma. Waligombana juu ya jiko la gesi, mmoja akamchoma mwenzake kisu. Muuaji, kijana wa Mumias, akahukumiwa kifo. Lakini sheria huwapa kauli wenye damu, ndio warithi wa aliyeuawa: wanaweza kudai auawe, au wakaiacha haki hiyo. Mwenye damu alikuwa mmoja tu, mama wa marehemu, mjane wa Kitui. Tulimpata kwa simu ya video.

"Muulize," jaji akaniambia kwa Kiarabu, "anataka kisasi?"

Nilifungua kinywa nikakifumba. Kwa jaji, neno lile, qisas kwa Kiarabu chake, ni haki iliyopimwa: kilichotolewa kinarudishwa sawasawa, bila kuzidi. Kwa mjane wa Kitui ni uovu wa rohoni, jambo ambalo mhubiri wake hulikemea kila Jumapili. Nikimuuliza kama anataka kisasi, atakataa kwa aibu ya neno. Nikimuuliza kama anataka haki, nani hukataa haki? Nami nilitaka kijana aokoke, sifichi. Neno la kumwokoa lilikuwa mdomoni mwangu, tena ndilo lile lile la jaji, hakuna ambaye angenilaumu. Lakini mama wa watu angekuwa ameamua maisha ya mtu bila kujua alichoulizwa, na yeye pia ni mtu.

"Mheshimiwa," nikasema, "neno hili kwetu limegeuka. Niruhusu niliseme kwa kirefu."

"Sema."

"Mama, kijana aliyemuua mwanao amehukumiwa kifo. Sheria inakupa kauli. Ukitaka auawe, atauawa. Usipotaka, atafungwa, na ataishi. Unasemaje?"

Mama akapangusa simu yake kwa pindo la leso.

"Dada, huyo mwenye ataenda kumuua, ataambiwa ametumwa na nani?"

Nikamfikishia jaji. "Na sheria," akajibu. Akaongeza, "Kwa kutaka kwake mama."

"Mimi kuku nikitaka kula nachinja mwenyewe," mama akasema. "Sijawahi tuma mtoto wa wenyewe. Wacha huyo kijana aishi. Lakini simsamehe, na hiyo pia muandike."

Jaji alikunja uso. "Amesamehe au hakusamehe?"

Wakili wa kijana alinikazia macho ya kuniomba neno moja tu. Nikasema, "Hataki auawe, na hajamsamehe."

Jaji akasema, "Sheria inamuuliza haki yake, haiulizi moyo wake. Andikeni yote mawili."

Sasa niko Umm Salal, pembeni mwa Doha, kwa binti yangu, na vijana wanaosomea kazi hii huja kuniuliza kama ni halali mtu kuuawa kwa hukumu. Mimi si mufti. Kitabu ninachokisoma kimetaja kisasi, na papo hapo kikamsifu anayesamehe. Ila zamani nilidhani mtu huachwa hai kwa kuwa amehurumiwa. Yule mama hakuwa na huruma naye hata chembe, na bado alikataa auawe kwa jina lake. Tangu hapo siamini kwamba utu wa mtu ni zawadi ya waliomsamehe, wala siungi tena mkono kunyonga.

Siku ile kijana alikuwa akingoja chumba cha pili, na mimi ndiye niliyetumwa kumpa habari. Nikamwambia hatauawa. Alishika meza kwa mikono miwili, machozi yakamtoka.

"Mathe," akaniuliza, "kwa hivyo amenisamehe?"

Hapo hakuwepo jaji wala wakili, ningeweza kumjibu lolote.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Utaishi hivyo hivyo."