Bomba Juu ya Jiwe

Chuo chetu cha uhandisi kilipohamia mfumo wa kupima umahiri, mimi nilisikitika kuliko wote. Mfumo wa zamani ulikuwa na maksi, na maksi zina mazungumzo. Mtu aliyekulia sokoni Igogo akipewa arobaini na nane, kwake hiyo ni bei ya kuanzia. Sasa kila kazi ilikuwa na majibu mawili tu: "Anaweza" au "Bado". Niliisoma karatasi ya mfumo mpya mara mbili nikitafuta jibu la tatu. Halikuwepo.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa pampu. Nje ya uzio wa chuo, ukingoni mwa ziwa, kulikuwa na mama aliyelima mchicha na kumwagilia kwa ndoo. Nilitakiwa nimfungie pampu ya kuvuta maji ziwani. Siku ya kupimwa ningesimama mikono nyuma, na yeye ndiye angeiwasha, kwa kufuata maelezo yangu tu. Ikigoma, sihitimu na wenzangu.

Kati ya ziwa na bustani kulikuwa na jiwe kubwa. Mtu wa Mwanza habishani na jiwe. Nyumba zetu zimekaa juu ya mawe, nguo tunaanika juu ya mawe. Nikaiweka pampu bustanini, nikalipandisha bomba lake la kunyonya juu ya jiwe, nikalishusha upande wa pili, nikahesabu viungo, nikarudia kuhesabu. Lilipendeza.

Siku ikafika.

"Shikamoo, Madam," nilimsalimia mwalimu wangu.

"Marahaba. Mikono nyuma."

Mama akawasha. Maji yakaruka, akapiga kigelegele, nami moyoni nikaanza kuhitimu. Kisha pampu ikakohoa, ikatema upepo, ikabaki inaunguruma kavu.

"Kijana, umenifungia feni?" mama akauliza.

"Bado," Madam akasema huku akiandika.

"Lakini Madam, maji si umeyaona? Yametoka. Tukutane katikati. Andika 'Anaweza kidogo'."

"Mchicha ukinyauka kidogo, utaununua?"

"Inategemea bei."

Mama alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Madam hakucheka. "Pampu itabaki hapa hapa. Ukijua hewa inakaa wapi, niite, hata kama ni wiki ya mahafali. Ila utanionyesha, hutanisimulia."

Niliona amenionea. Leo najua kwamba maksi za huruma zingenivusha mimi, na mama angerudi kwenye ndoo zake.

Nilikaza viungo vyote. Pampu ikakohoa vilevile. Wenzangu wakaanza kujaribu majoho. Mwishowe nikaazima karakana kipande cha mpira mgumu unaoonyesha ndani, nikakifunga pale juu ya jiwe, mama akawasha. Nikaiona. Hewa ilikuwa imejikusanya kileleni, imetulia kama mwenye nyumba, maji yakipita chini yake. Ikanenepa, ikanenepa, mpaka maji yakakatika. Bomba la kunyonya linatakiwa lipande taratibu tu mpaka kwenye pampu, bila nundu yoyote njiani. Mimi nilikuwa nimeijengea hewa nyumba mlimani.

Nikalifumua bomba, nikalizungusha pembeni ya jiwe. Njia hiyo ilikuwa ndefu zaidi, ikabidi niende stoo kuomba bomba la kuongeza. Mtunza stoo alinipa kipande kifupi, nikakataa, akanipa cha wastani, nikageuka kama naondoka, akanipa kirefu.

Madam akaja tena. Mikono nyuma.

"Mama, jaza maji kwenye pampu mpaka yafurike. Funga kifuniko. Haya, washa."

Maji yakatoka. Nikafungua mdomo nielezee. Madam akanyoosha kidole, nikaufunga. Tukasubiri. Mama akamwagilia tuta la kwanza, akahamia la pili, akaendelea hadi lile la mwisho kwenye uzio, na njiani akaninyeshea mimi.

"Toka hapo, unakanyaga!"

Madam akanipa karatasi. Nikasoma neno lile, nikalisoma tena.

"Asante, Madam."

"Ya nini? Umeweza mwenyewe."

"Ya kuninyima ile siku."

Hapo ndipo alipocheka, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaniambia niwahi kabla hawajafunga ofisi ya majoho. Nikakimbia. Nilijipanga nyuma ya wenzangu kwenye foleni ya majoho, nimelowa mpaka magotini, wakanisogezea nafasi.