Mama Kamwamkia Mnunuzi wa Kiti

Jamani, leo mama yangu kamwamkia shikamoo kijana ambaye hata mimi namzidi umri!

Ngojeni niwaeleze.

Mnakijua kile kiti cha babu cha mninga, chenye mgongo mrefu. Tangu tumzike hakuna anayekikalia. Mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Kiuze tu, kinanitazama."

Basi leo kaja kaka mmoja kutoka Mikumi, anatafuta fanicha za kizamani za nyumba yake ya wageni. Kakikalia akijaribu. Kaegemea kabisa, kofia kichwani, macho mlangoni, vilevile kama babu.

Mama huyo, anatoka uani na sinia la chai. Anamwona kwa nyuma.

"Shikamoo baba!"

Na huyu kaka, kwa mshtuko, si akaitikia!

"Marahaba."

Wewe ungejificha wapi? 🙈

Kaka kakurupuka, kofia mkononi. "Mama nisamehe! Shikamoo! Shikamoo mama!"

Mama akaanza kucheka. Kacheka mpaka nikampokea sinia, akajibwaga palepale kwenye kiti cha babu. Sijawahi kumwona amekikalia, hata siku moja.

Akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Si yote yalikuwa ya kicheko.

Kaka akauliza kwa adabu kama kiti bado kinauzwa.

"Kinauzwa, mwanangu," mama akasema, huku anajiweka vizuri. "Tatizo kina mtu."