Niliingia Nyumba ya Mzazi Kule Hanang

Admin, nifichie jina, maana bosi wangu anafuatilia ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, Mkenya, niko Hanang na shirika la lishe ya watoto. Kiswahili changu chekeni tu, nimeshazoea. Mwanzoni nilisalimia wazee kwa "habari yako" wakaniangalia kama mwizi. Siku hizi shikamoo inanitoka hata kwa vijana. Baridi nimeizoea. Upweke bado.

Huko tambarare, mbele ya Nangwa, kwa wafugaji wa Kibarbaig, kuna mama alijifungua na mtoto hakuletwa kupimwa uzito. Tulipofika kwake, mwenzangu wa kazi, dada mwenyeji wa kijiji cha Daudi, aliniambia nisubiri nje, ataingia yeye, kisha akapita kwanza boma la jirani. Mimi na haraka zangu! Nikasikia mtoto analia, sauti imekwisha kabisa, nikainama nikaingia. Mtoto amekonda, mbavu zote nje. Mama yake akajifunika uso.

Kumbe kwao mwanaume haingii kwa mzazi aliyetoka kujifungua. Kesho yake akina mama walijaa mbele ya ofisi yetu na fimbo zao, wakaimba mpaka jua likawa kali. Wana baraza lao, na mwanaume akimkosea mwanamke linamtoza ng'ombe. Wamenitoza dume jeusi, nilipeleke mwenyewe na kukiri mbele yao. Kabla ya hapo hakuna mtoto atakayeletwa, na kweli mizani yetu inaning'inia tupu.

Bosi wangu, mzungu aliyeko Arusha, amekataa katakata. Anasema nikikiri nimelichafua shirika, na mkataba umekwisha. Amenitafutia nafasi nchi nyingine, gari linakuja kunichukua Ijumaa. Nilipowaambia akina mama kwamba shirika litaomba radhi kwa barua, kama bosi alivyoagiza, bibi mkubwa wa baraza alinijibu taratibu, dada akanitafsiria: "Shirika halikuingia mle ndani. Umeingia wewe."

Jamani, iliniuma. Nilikwenda kumsaidia mtoto, si kuiba! Nikampigia mke wangu kulalamika, naye ana mimba kubwa. Akaniuliza: "Mimi nikiwa nimejifungua, mgeni akiingia kwangu hivyo, utamwambia asante?" Nikasingizia mtandao, nikakata simu.

Dume nitalipata mnadani, hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba mshahara huu ndio unaolisha nyumba yangu. Nikikiri, narudi nyumbani mikono mitupu na mtoto wangu anazaliwa. Nikipanda lile gari, wale akina mama hawataleta watoto kwa mtu yeyote wa shirika.

Ndugu zangu, ingekuwa ninyi mngefanyaje? Nijibuni mapema. Jana dada alizungumza na yule mama kwenye uzio wa boma lake. Mama amekataa kwenda zahanati mpaka baraza limalize, na anasema mtoto siku hizi halii tena.