Ngao Tusiyoiona

Kaka yangu hakuwa na habari na mambo ya angani mpaka alipoungua. Kabla ya hapo alikuwa mwashi katika kiwanda kimoja cha kuyeyushia shaba nje ya Kolwezi. Tanuru likizimwa na kupozwa, yeye na wenzake waliingia ndani, wakang'oa matofali yaliyoliwa na moto na kupanga mapya. Siku moja tanuru lilitoboka ubavuni, shaba ikiwa bado inachemka ndani. Watu wawili walikufa. Kaka yangu alitoka na vidole visivyokunjika na shingo isiyogeuka upande wa kushoto.

Namwita yaya, kama kwetu tunavyomwita kila aliyetutangulia kuzaliwa, awe mwanamume au mwanamke. Alipotoka hospitali nilimleta kwangu. Mke wake alikuwa amekwenda kwa wazazi wake Kasaji, akasema atarudi mvua zikiisha, na hakurudi. Mimi nafundisha fizikia katika shule ya sekondari, kwa hiyo mchana kutwa yaya alibaki peke yake kitandani, simu imeegemezwa kwenye bilauri maana hakuweza kuishika. Nadhani ndiyo sababu alianza kutazama roketi. Zile video ni ndefu. Mtu anaweza kutazama saa tatu bila kugusa kioo.

Aliyetuunganisha na wengine ni jirani yetu, mfanyabiashara mwenye asili ya Maniema ambaye malori yake huleta unga na simenti kutoka mpakani. Mtaa mzima unamwita Hadji. Zamani, alipokuwa bado dereva, lori lake liliharibika porini karibu na Tenke akalala siku nne juu ya mzigo, na tangu hapo, anasema, mbingu haijamwachia. Ofisini kwake ana betri kubwa, dishi la intaneti juu ya bati na televisheni pana kama mlango. Alituingiza kwenye kundi la simu la wapenda anga, watu wa Lubumbashi, Goma, Bukavu na hata Dar es Salaam, Kifaransa na Kiswahili vikichanganyika humo. Nikitoka shule nilimpitia yaya nyumbani, tukaenda kwa Hadji kutazama.

Kisha kikaja kile chombo kilichotumwa kuuzunguka mwezi, kikiwa na watu wanne ndani. Kundi zima lilizungumzia mwezi. Yaya alikuwa na swali moja tu.

"Wakati bakirudia, moto itakuwa ya namna gani?"

Nikamwambia ni zaidi ya mara mbili ya moto wa tanuru lao.

"Na bale bantu benyewe beko nyuma ya matofali?"

"Nyuma ya ngao, yaya. Si matofali. Ni kitu kinachoungua polepole chenyewe, na kikiungua kinaondoka na lile joto."

"Kama inaungua, inaisha."

"Inaisha kidogo tu. Wamepima."

"Yetu pia balipimaka," akasema.

Hadji, ambaye hafichi kitu alichokisoma, akamweleza kwamba chombo cha kwanza cha aina ile, kilichokwenda bila watu, kilirudi ngao yake imebanduka vipande hapa na pale. Mafundi walichunguza muda mrefu, mwishoni wakaamua kubadilisha njia ya kurudia, ngao wakaiacha ilivyo. Nilimkonyeza Hadji anyamaze, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Siku ya tatu ya safari walifanya ukaguzi wa kwanza. Chombo kina mabawa ya kunasia mwanga wa jua, na kwenye ncha za mabawa kuna kamera. Wakaligeuza bawa, kamera ikakitazama chombo chenyewe, picha zikashuka duniani na baada ya saa chache zikafika Kolwezi. Hadji aliziweka kwenye televisheni moja moja. Yaya alisimama karibu mno, kwa sababu ya shingo yake, akizungusha mwili mzima kufuata picha kutoka kushoto kwenda kulia. Nilikuwa nimesahau namna anavyotazama ukuta. Kabla hajaungua alikuwa akija kwangu kunisalimu na kusimama mbele ya jiko la mkaa akalikagua kabla ya kunipa mkono.

"Hii ni ubavu," akasema. "Na chini?"

"Chini haionekane, tata," Hadji akamjibu, akimwita baba kwa heshima. "Ngao yenyewe imefunikwa na ile sehemu ya mashine yenye kusukuma chombo. Itafunuliwa mupaka saa ya mwisho, karibu ya kuingia kwenye hewa ya dunia."

"Sasa banaangaria nini?"

Hadji akanyoosha kidole kwenye picha. "Banaangaria kwenye banaweza kuona."

Yaya akaketi. Siku ile hakutaka chai.

Ukaguzi wa pili ulikuja walipokwisha kuupita mwezi. Kwenye picha mojawapo, chini kabisa, pale ubavu unapokutana na ile sehemu ya mashine, kulikuwa na doa jeupe, kama pale mtu alipopangusa kidole chenye unga. Kwenye kundi watu walibishana. Mmoja wa Goma alisema ni mwanga wa jua. Mwingine akasema ni kivuli cha bawa.

"Ile hapana kivuli," yaya akasema. Akatueleza, polepole, kwamba tofali la ndani likiisha, kwa nje huoni tofali. Unaona ganda la chuma la tanuru tu. Rangi ya chuma inapauka kwanza. Ukilikuta limepauka bado una muda. Likiwa jekundu huna.

Usiku ule nilimsikia akitembea sebuleni. Asubuhi alikuwa amekwisha kuvaa, shati limefungwa vifungo vya kombo.

"Mudogo yangu, we unajua Kiingereza. Andikia bale bantu."

Nilitaka kumwambia kwamba wale watu wana mafundi elfu, wana vipimo ambavyo hata vitabu vyangu havivijui, na kwamba doa lile walikuwa wameliona kabla yetu sisi kuamka. Nilitazama vile vifungo. Nikachukua kalamu.

Aliniambia maneno kwa Kiswahili, nami nikageuza kwa Kiingereza changu cha vitabuni. Mimi ni mwashi wa tanuru. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja. Kwenye picha ya pili, upande wa chini, kuna doa jeupe. Naomba mtazame kilicho nyuma yake, msitosheke na rangi. Kuna watu ndani. Aliniambia sentensi ya mwisho niiweke peke yake.

Nikaituma kutoka chumba cha walimu, kupitia ukurasa wao wa intaneti, mahali pa maswali ya wananchi. Haikupita dakika, jibu likaingia. Lilinishukuru kwa kupenda safari za anga, likasema ujumbe ni mwingi na hawawezi kumjibu kila mtu. Hakuna binadamu aliyeliandika. Nililisoma mara mbili huku kengele ya kipindi ikilia.

Jioni yaya alinisubiri mlangoni, mwili mzima ameugeuzia barabara.

"Balijibu?"

"Wamejibu."

"Balisema nini?"

"Wamesema asante," nikamwambia. "Wamesema wataangalia."

Sikuwa nimeuandaa ule uongo. Niliona uso wake ukilegea, nikajua sitaweza kuyarudisha maneno yale. Usiku ule alilala mpaka asubuhi.

Siku mbili baadaye, mhandisi mmoja aliulizwa na waandishi wa habari kuhusu lile doa. Akaeleza kwamba ni mabaki ya gesi kutoka vijiroketi vya kugeuzia chombo, wamelinganisha picha zote na hawana wasiwasi nalo. Hadji alitutafsiria. Yaya akamwomba arudie, kisha arudie tena.

"Ni ile barua yangu," akasema. "Baliangaria kweli."

Akamwomba Hadji amshikie simu, akaongea na kundi lote kwa sauti, dakika nzima na zaidi: yeye ni nani, aliona nini, aliandika nini, na jinsi walivyomsikia. Makofi ya vikaragosi yakamiminika. Hadji alinitazama, nami nikatazama kwingine. Alikuwa amefahamu. Hajawahi kuniuliza.

Chombo kilirudi Jumapili mchana. Tulikwenda kwa Hadji moja kwa moja kutoka misani, yaya akiwa na koti lake la harusi. Hadji alikuwa amenunua soda na sambusa, na majirani kama kumi walijaa ofisini, wengi wao hawajui kinachotazamwa. Ile sehemu ya mashine ikaachana na chombo. Sasa ngao ilikuwa wazi, na hapakuwa na kamera ya kuitazama. Mtangazaji akasema kuanzia hapa moto utakizunguka chombo kiasi kwamba redio haitapita, tusubiri dakika kadhaa. Sauti za wale wanne zikakatika.

Yaya akainuka akatoka nje.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama uani kati ya malori mawili, kiganja kimebandikwa kwenye tairi. Nikasimama kando yake. Ndani mtu alikuwa akicheka kitu fulani, akanyamazishwa.

"Mi niliona," akasema bila kunitazama. "Chuma ilipauka tangu juzi yake. Nikaambia shefu. Kesho yake nikaambia tena. Ile asubuhi ilikuwa nyekundu, nikamwambia mara ya tatu. Akasema, tumalize kwanza kutoa hii shaba."

"Ulifanya ulichoweza, yaya."

"Nilikuwa na redio mukononi. Ningeita bale babili, 'mutoke.' Nilifikiri bado kuko wakati. Nilienda kuangaria tena."

Miaka minne tulikuwa tukila sahani moja, na hakuwahi kuniambia hilo. Nafundisha watoto jinsi joto linavyosafiri katika chuma. Naweza kuwachorea ubaoni. Pale uani nilisogea karibu zaidi. Nilimshika kiwiko, mahali ambapo ngozi yake bado inahisi, tukabaki hivyo, na zile dakika zikawa ndefu kuliko nilivyodhani dakika zinaweza kuwa.

Halafu ofisi ikapiga kelele. Hadji akatoka mbio, machozi mashavuni, sambusa bado mkononi. "Balipita! Tata, balipita! Parashuti zimefunguka zote!"

Tukaingia. Miavuli mitatu mikubwa ilikuwa ikishuka polepole juu ya bahari. Yaya aliketi, akatazama mpaka chombo kikagusa maji, mpaka watu wakatolewa mmoja mmoja, wakipunga mikono. Hakushangilia. Majirani walipoanza kutoka, akaniinamia.

"Bale balisikia," akasema. "Nilisema mara moya tu, balisikia."

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia. Nilimfuta makombo kwenye koti, nikasema twende nyumbani.

Wiki iliyofuata aliniletea karatasi mpya. Alitaka barua nyingine, ya Kifaransa safari hii, kwa kiwanda chake cha zamani. Alikuwa amesikia kwamba tanuru lile lilizibwa na kuwashwa tena, na ubavu ni uleule. Tangu Jumapili ile alikuwa na imani na barua, na imani ile nilimpa mimi. Niliandika vizuri kadiri nilivyoweza. Tuliipeleka wenyewe kwa pikipiki. Mlinzi wa getini aliipokea kwa mikono miwili, akatupigia muhuri kwenye nakala yetu, akatuambia turudi nyumbani tutaitwa.

Huu ni mwezi wa tatu tangu tuipeleke. Nimekwenda getini mara mbili peke yangu, nikaambiwa iko kwa wakubwa. Safari hii siwezi kutunga jibu, kwa sababu kuna watu ndani.

Mmoja wao namfahamu. Alikuwa msaidizi wa yaya, na ndiye anayepanga matofali sasa. Basi la kiwanda humchukua kwenye kona yetu saa kumi na mbili asubuhi, na yaya hutoka kila siku kumsalimu. Nawasikia kupitia dirisha la jikoni nikichemsha maji. Hawalitaji tanuru; wanazungumza habari za mpira, nani alifunga na nani aliumia, mpaka basi linapiga honi.