Vijitabu vya Arobaini ya Mama

Katika familia yetu, mtu akijua kutumia kompyuta basi kazi zote za karatasi ni zake mpaka afe. Mimi ni karani wa skuli. Kwa hiyo mama yetu alipofariki, wiki haijesha, dada yangu mkubwa akaniambia nishughulikie vijitabu vya arobaini: Yasin na dua za kumrehemu, jina la mama juu ya jalada, nakala mia mbili za kuwagaia wanawake watakaokuja kumsomea khitma. Akasema ni jambo jepesi. Yeye hajawahi kuchapisha hata kadi ya harusi.

Mama alikuwa na chuo nyumbani kwetu Michenzani. Kwa miaka mingi watoto wa majumba yale ya ghorofa walipanda ngazi kila baada ya alasiri kuja kusoma Kurani sebuleni kwetu, na sisi wanawe watano tulisoma humo humo bila upendeleo. Hakuwa mtu wa fimbo. Ukali wake wote ulikuwa kwenye adabu ya kitabu. Juzuu haiwekwi chini, wala haishikwi kwa mkono mmoja. Ukishusha mkono wa pili ujikune, anakatiza kisomo, chuo kizima kinanyamaza, kila mtu anakutazama. "Mikono miwili," anasema, na hasemi zaidi. Ndiyo maana nilitaka vijitabu vyake viwe na heshima, ili aliyesoma kwake asione aibu kwa niaba yake.

Faili niliitayarisha kwa siku mbili. Mabishano yalichukua wiki tatu. Kaka aliyeko Maskati alitaka picha ya mama kwenye jalada. Dada mkubwa akasema mama hakuruhusu picha hata ukutani, itakuwaje leo agawiwe mkono kwa mkono. Mwingine akadai kijani kinachofaa msiba, asieleze ni kipi. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, akataka jina la babu lifuate la baba. Kila asubuhi nikifungua kundi letu la simu nakuta sauti za dakika tano tano. Nahodha wengi chombo huenda mrama, na chombo chenyewe nilikuwa nakisukuma peke yangu. Faili ile niliibadilisha mara kumi na moja.

Mpiga chapa niliyemwendea ana duka kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe. Wateja wake wakubwa ni mahoteli: menyu, na vipeperushi vya safari za kutazama pomboo Kizimkazi. Ni mtu mpole, mwenye haraka. Alinitumia sampuli kwa simu, ukurasa mmoja mmoja, nami nikazirusha kwenye kundi. Wote wakalikuza jalada. Dada akaona nukta imepungua kwenye jina la Kiarabu, kaka akaona kijani kimekoza. Tukarekebisha. Walipochoka kusema, nikamwandikia mpiga chapa: sawa.

Jumatano asubuhi, siku moja kabla ya khitma, nikaenda kuvichukua. Kijani kizuri, jina kamili, babu yumo. Nikakishika kimoja, kidole kikaenda kushoto kutafuta ukingo wa jalada, kikakuta mgongo. Nikakigeuza, nikakigeuza tena. Vyote mia mbili vilikuwa vimefungwa upande wa kushoto, kama menyu, si kulia kama kitabu cha Kiarabu. Ukifunua, jicho linaanza ukurasa wa kulia kama lilivyofundishwa, kumbe aya zinazotangulia ziko kushoto. Kisomo kizima kingekwenda kinyumenyume.

Nikamwonyesha.

"Mashine ndo ilivyozoea, dada," akasema. "Na sampuli nlikutumia, ukanambia sawa."

Nilipandwa na hasira, na iliyonipandisha zaidi ni kwamba alisema kweli. Watoto watano wa mwalimu mmoja, tumebishana nukta na rangi wiki tatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kitabu kitafunuka upande gani. Nami ndiye niliyeandika neno sawa.

Kuchapisha upya haikuwezekana. Karatasi ya jalada ilikuwa imekwisha. Nikakaa kwenye kiti chake nikamwambia kwamba mama yangu alikuwa mwalimu wa chuo na vitabu hivi sivichukui. Akafikiri, akasema ipo njia, ila haitapendeza: pini zing'olewe, mgongo ukatwe kwa mashine, kisha kurasa zibanwe upya upande wa kulia. Pini zitatoboa mapambo ya maua pembeni mwa kurasa, na kijitabu kitakuwa kigumu kufunuka.

Nikaandika kwenye kundi naomba mtu mmoja tu aje tung'oe pini. Kaka akanitumia alama ya mikono ya dua. Dada alikuwa sokoni kwa mchele. Mwingine akanisifu kwamba mambo haya nayaweza. Tukang'oa sisi wawili, mimi na mpiga chapa, mpaka adhana ya magharibi, na kucha zangu mbili zikaisha.

Alhamisi sebule ikajaa wanawake mpaka kwenye ngazi. Nikagawa vijitabu bila kuwatazama usoni. Dada mkubwa akakishika chake kwa mkono mmoja, kwa wa pili anajipepea, kikajifunga. Akakifunua, kikajifunga tena, akanitupia jicho. Nikaenda kukaa mlangoni na kijitabu changu na aibu yangu.

Kisomo kilipoanza nikainua kichwa. Wazee kwa vijana, wengi wao waliwahi kupanda ngazi zile na juzuu kifuani, na sasa kila mmoja alikuwa amekishika kijitabu kwa mikono miwili, kwa sababu hakikukubali vinginevyo. Dada naye ameuweka upepeo chini. Mama mdogo, aliyekaa ubavuni mwangu, akayaona niliyoyaona.

"Leo mama yako asingekuwa na wa kumrudi," akaninong'oneza.

Machozi yakanitoka, na sikuweza kuyafuta. Simu ikatetemeka mapajani. Ilikuwa kaka wa Maskati, kishatumiwa picha, anauliza mbona pini zinaonekana. Nikaiacha itetemeke. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi.