Lori la Mabati na Ngoma ya Bi Kabula

Sikwenda ng'ambo ya Ziba kutembea. Mdogo wangu Mwajuma alikuwa amemaliza mafunzo ya ukunga na kupangiwa zahanati katika kijiji kipya cha ujamaa huko, na zahanati yenyewe haikuwa na paa. Mabati na saruji vilikuwa Tabora, na lori la ushirika nililiendesha mimi. Nikaomba safari hiyo, nikapewa.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la nne, nikamlea Mwajuma na wadogo wetu wawili, Ramadhani na Hamisi, hapa hapa mtaa wa Isevya, Tabora mjini. Kwa hiyo nilikuwa na nia yangu ya pembeni: nimfikishe mwenyewe, nilale huko siku mbili tatu, nione mlango wa nyumba yake unafungwaje, ndipo nirudi.

Alfajiri, gereji. Fundi Salumu alizunguka lori mara mbili, kisha akasimama dirishani kwangu.

"Mguu wako wa kushoto mvivu," akasema. "Unaulaza juu ya pedali kama uko kitandani kwako. Klachi ni sahani mbili, moja ya injini, moja ya magurudumu. Zikishikana, gari linakwenda. Zikiachana, linasimama. Ukizishikilia nusu, zinasagana kama mawe ya kusagia, ila hupati unga."

"Nimesikia, fundi."

"Umesikia kwa sikio. Mimi nataka mguu usikie."

Mwajuma, aliyekwisha kukaa kiti cha pembeni na sanduku lake miguuni, akacheka mpaka akajifunika kanga usoni.

Njia ya kaskazini ni ya zamani kuliko magari. Babu yetu aliipita kwa miguu na pembe ya ndovu begani, katika misafara ya wapagazi, na alikuwa akisema nchi huifahamu kwa unyayo. Sisi tuliifahamu kwa vumbi. Miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mekundu, na mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa mashariki. Nzega tulikunywa chai. Jua linazama tukaingia Ziba.

Mwenyeji wetu Ziba, mfugaji mmoja mpole, alitupa wali na maziwa ya mgando, akatazama mbingu. "Mbele yenu kuna mbuga," akasema. "Udongo wake mweusi. Ukiwa mkavu, ni sakafu. Ukinywa mvua, ni gundi. Mkichelewa kesho, mabati yenu yatasubiri kiangazi kingine."

Asubuhi tuliondoka mapema. Hatujafika mbuga, nikaona vumbi mbele, nikasikia ngoma. Wanakijiji walikuwa wamevuka mbuga kutulaki. Mbele yao alikuwa mama mmoja mfupi, mnene, usinga mkononi. Ndiye Bi Kabula, kiongozi wa ngoma ya kina mama. Nilisimamisha lori.

"Mwangaluka!" akatuamkia kwa lugha ya kwao. "Mkunga yuko wapi?"

"Shikamoo, bibi," Mwajuma akaitika kutoka dirishani.

"Marahaba, mjukuu wangu. Na huyu dereva ndiye mume wangu? Mbona amekonda? Tabora hamna chakula?"

Wakageuka, wakatutangulia, wakicheza. Nami nikawafuata.

Gia ndogo kabisa ya lori lile bado ilikuwa na mbio kuliko watu wanaocheza. Hatua mbili mbele, wanazunguka. Hatua moja, wanasimama kupiga makofi. Nikawa nakanyaga klachi nusu, naachia kidogo, nakanyaga tena, lori likitambaa kama mtoto anayejifunza kwenda. Ningeweza kupiga honi wapishe. Lakini kumpigia honi mtu mzima aliyekuja kukulaki ni sawa na kumtukana, na kwetu hata mgeni mwenye haraka hampiti mwenyeji anayemchezea ngoma. Kila kikundi cha nyumba tulichopita kilitoa wachezaji zaidi, na kila wachezaji walivyozidi, ndivyo mwendo ulivyopungua.

"Kaka, kuna harufu," Mwajuma akasema.

"Vumbi hilo."

"Vumbi halinuki pembe iliyoungua. Waambie."

"Niwaambie nini? Wacheni kufurahi?"

Alitazama mawingu, nami nikayatazama. Tulipofika ukingo wa mbuga nikaachia pedali yote. Injini ikanguruma, lori likasita kama ng'ombe asiyetaka kuingia majini. Nikazima, nikashuka.

Ngoma ikanyamaza. Bi Kabula akaja, jasho likimtiririka.

"Mume wangu, gari lako lina wivu? Halitaki nikutangulie?"

Watu wakacheka. Mimi nilitamani ardhi inifiche. Lakini mbuga ilikuwa mbele yangu, nikaona aibu ya kusema ni ndogo kuliko ya kukwama. Nikamwomba anipe viganja vyake. "Visugue, bibi. Kwa nguvu." Akavisugua. "Usiache." Akaendelea mpaka akaviachanisha ghafla, akavipuliza.

"Vinaungua!"

"Ndivyo klachi ilivyo tangu mlipotupokea. Lori halichoshwi na mzigo, bibi. Linachoshwa na kwenda nusu nusu."

Hakucheka. Alitazama mabati, kisha akawageukia wenzake. "Kumbe tumemchoma kwa heshima zetu," akasema. "Masika yaliyopita tulimbeba mke wa mwanangu kwa kitanda, tumpeleke Ziba akajifungue. Hatukuivuka mbuga hii, mtoto akatutoka. Leo nacheza mbele ya mabati kama sina kumbukumbu. Mwenye mzigo ndiye hupishwa njia! Babu zetu walikuwa wapagazi, nani hajui kwamba kusimama na mzigo kunaua bega kuliko kutembea nao?"

Tukapanga hapo hapo. Tukaliacha lori lipoe. Klachi ilikuwa imekwisha kudhoofika, kwa hiyo mabati yatashushwa, watu watayabeba vichwani. Saruji itabaki ndani, maana kumbebesha mtu mfuko wa saruji mbuga nzima ni kumwonea. Nami nitaingia kwa gia ya kwanza, mguu wa kushoto sakafuni, mbali na pedali, bila kusimama mpaka ng'ambo.

Nikamfungulia Mwajuma mlango. Hakupanda. Alikuwa amekwisha kujikunjia kata ya kanga kichwani.

"Panda," nikamwambia. "Wewe ni mkunga, si mpagazi."

"Nikipita kwenye gari leo, kesho nani atanifungulia mlango wake, kaka? Nenda. Na usisimame kunitazama."

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Tangu akiwa na meno ya maziwa sijapata kumwacha nyuma yangu njiani. Niliingia mbugani, lori likishika taratibu, na mara tatu nilipoona kanga yake kwenye kioo mguu wangu wenyewe ulipanda kuelekea pedali. Mara tatu nikaurudisha sakafuni. Kisha kioo kikawa vumbi tupu.

Nilipofika ng'ambo, kijijini kwao, nilizima, nikasubiri. Wakatokea mmoja mmoja wakiwa mstari, mabati yakimeta vichwani, na Bi Kabula mbele akiimba bila ngoma. Mwajuma alikuwa katikati. Matone ya kwanza yalianguka tulipokuwa tukishusha saruji na kuifunika.

"Ondoka sasa," Mwajuma akaniambia.

"Sijauona mlango wako."

"Una komeo. Bi Kabula ameniambia. Ukilala hapa utakaa mpaka masika yaishe, na Ramadhani na Hamisi nani atawapikia?"

"Nitalala usiku mmoja tu."

"Kaka." Aliniwekea mkono begani, kama nilivyokuwa nikimwekea yeye. "Nimefika."

Bi Kabula akanipa kibuyu cha asali. "Nenda, mume wangu. Talaka sikupi, ila nyumba ya mkunga sasa ina mwenyewe."

Nilivuka mbuga lori likiwa tupu, mvua ikinifuata mgongoni. Tabora, Fundi Salumu alifungua klachi, akaipitishia kidole. Ilikuwa nyembamba kama ganda la yai, nyeusi ukingoni.

"Hii ilikuwa na safari moja tu iliyobaki," akasema. "Nani alikuambia uache kuikanyaga?"

Nikamweleza. Alipomaliza kucheka akafunga sahani mpya. Masika yalipopungua, mchunga ng'ombe mmoja alituletea salamu: paa halivuji, na Bi Kabula amepata mjukuu, kapokelewa na Mwajuma. Jioni ile Ramadhani aliomba ruhusa aende kijiji cha vijana akalime tumbaku na wenzake. Nilifungua mdomo niseme atasubiri kwanza, tutaona. Nikamwambia nenda.