Fundi Kipofu Wamemgeuza Msaliti, na Jumamosi Maiki Ninashika Mimi

Admini, jina langu lifiche, ingawa mtu wa Hedaru akisoma mistari mitatu tu atasema, "Huyu si mwingine." Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na saba, nina mke, watoto wameshajitegemea, nauza vitunguu kando ya barabara kuu. Shule niliishia darasa la tano, walimu waliishiwa cha kunifundisha. Naandika hapa nina hasira.

Enzi za deki na jenereta, mtafsiri wa sinema kwenye banda la video Hedaru nilikuwa mimi. Sinema inaongea Kiingereza, mimi nimesimama pembeni na maiki, watu wanasikia Kiswahili. Sijisifu, lakini madereva wa malori walikuwa wanaacha injini zinanguruma wanaingia kunisikiliza. Kuna basi la Arusha liliondoka na konda peke yake, abiria wote wamekaa kwenye mabenchi yangu wamekataa kutoka. Wafugaji wa Kisiwani walifunga ng'ombe nje, na ng'ombe nao wakaacha kula, masikio yameelekea spika. Anayebisha aje aulize.

Sinema yangu kubwa ilikuwa ile ya meli ya angani. Sehemu zote nimezitafsiri mimi. Kapteni yumo, lakini mtu wetu alikuwa Fundi, yule anayetengeneza meli. Sehemu ya tatu injini inawaka moto, Fundi anaingiza uso ndani kuziba ufa ili wenzake wapone, anatoka macho hayapo. Kuanzia hapo anafunga kitambaa usoni, anatengeneza meli kwa kupapasa na kusikiliza. Mimi nikawa namfanya atukane Kipare akiwa chini ya injini. Wazee walioteremka kutoka Suji wakawa wanasema, "Huyu ni wa kwetu, hawa wazungu wamemwazima tu."

Sasa nina rafiki, tumpe jina Elifuraha. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea, na benchi la mbele lilikuwa lake. Miaka ilivyokwenda, macho yakamwishia kabisa. Alijifungia ndani, hataki kula, hataki mtu. Mke wake akaniita. Nikamwambia, "Wewe! Fundi aliacha meli ianguke?" Akajiinua, akakaa. Halafu akasema, "Nipe hiyo baiskeli yako nisikilize inalia wapi." Mpaka leo anatengeneza baiskeli kwa kupapasa, na Hedaru nzima inampelekea yeye.

Juzi mpwa wangu, tumwite Namsifu, ambaye sasa ndiye mwenye lile banda, akaniita mchana. "Shikamoo mjomba. Ile sinema yako wameirudia upya. Nimeshatangaza, Jumamosi saa tisa alasiri unatutafsiria wewe mwenyewe kama zamani." Mimi nikavimba kifua. Nikakaa niitazame kwanza peke yangu.

Ndugu zangu, nilirusha kofia kwenye runinga. Hao watu wa sinema mpya wamemfanya Fundi kuwa msaliti! Eti hakuwahi kuwa kipofu. Eti miaka yote alikuwa anaigiza, anapeleka siri za meli kwa maadui. Anavua kitambaa usoni, macho mazima kama ya paka, anacheka! Mtu aliyeingiza uso kwenye moto! Nani aliwaomba waguse? Mlikosa sinema nyingine ya kuharibu?

Nikamwambia Namsifu, "Kipande hiki nitakitafsiri kinavyotakiwa kuwa. Fundi ametekwa, huyu anayecheka ni adui aliyevaa sura yake."

Akasema, "Mjomba, siku hizi watu wanaelewa Kiingereza. Vijana wa chuo wako likizo, watakuzomea."

"Kwani mimi nimewahi kudanganya?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mjomba, ulituambia Kapteni alisoma Suji!"

"Una ushahidi kwamba hakusoma?"

Akaacha kucheka. "Basi sema unaumwa, nitaweka bila mtafsiri."

Ningekubali, maana mimi na hasira hizi ningeweza hata kuipasua hiyo runinga kwa sauti tu. Lakini nikirudi nyumbani nikapita kwa Elifuraha. Nikamkuta amekaa mlangoni, shati lake jeupe la kuvaa Jumamosi limeshapigwa pasi, limetundikwa kwenye msumari.

"Kaka, umeshaiona. Fundi wangu bado yupo?"

"Yupo."

"Wamemtibu macho?"

Nikasema, "Haoni bado."

Akapiga paja. "Safi! Wangemponya wangeniudhi sana."

Nikisema naumwa, atakwenda hivyo hivyo, na kijana yeyote atamsimulia kila kitu sikioni kwa furaha. Nikitafsiri ilivyo, nitakuwa mimi, kwa mdomo wangu, ninayemvua Fundi kitambaa mbele yake. Nikitafsiri ninavyotaka, banda zima litazomea.

Kuzomewa siogopi, nimewahi kunyamazisha radi kwa maiki hii. Ninachoogopa ni kwamba kelele zikianza, Elifuraha hatageukia runinga. Atanigeukia mimi na kuuliza, "Kaka, wanazomea nini?"

Enyi mnaosoma ukurasa huu, Jumamosi haiko mbali. Nimjibu nini?